Fomu ya Hospitali na Mgonjwa Asiyeiona Skrini

Mnamo Novemba 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza makubaliano yake na Rite Aid, kampuni iliyokuwa na maduka mengi ya dawa nchini humo, kuhusu tovuti ambayo wananchi waliitumia kupanga miadi ya chanjo ya UVIKO-19. Hoja ya wizara haikuhusu ubora wa chanjo wala kazi ya wachanjaji. Ilihusu fomu. Kalenda ya kuchagulia siku haikumwonyesha mtu anayetumia programu ya kusoma skrini hata saa moja iliyo wazi. Na mtu anayesogea ndani ya ukurasa kwa kitufe cha Tab badala ya kipanya hakuweza kuweka jibu lake katika fomu ya ridhaa, ambayo ilikuwa lazima ijazwe kabla ya kupangiwa siku. Mapema mwaka huohuo shirika la WebAIM, lililoko Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, lilikuwa limekagua kurasa 94 za habari na usajili wa chanjo kutoka majimbo ya nchi hiyo, na karibu zote zilikutwa na kasoro zinazomzuia mtu mwenye ulemavu.

Nimeuchukua mfano huu wa mbali kwa sababu kasoro zake zilichunguzwa na kutajwa moja moja, jambo ambalo ni nadra. Kasoro zenyewe hazina uraia. Hapa kwetu pia hospitali na kliniki zinazidi kuhamishia mtandaoni kazi iliyokuwa ikifanyika kwenye dirisha la mapokezi: kuomba miadi, kujisajili, kutaja bima, kueleza historia ya ugonjwa kabla ya kufika. Ni hatua njema, kwani hakuna anayeitamani foleni ya alfajiri. Lakini dirishani palikuwa na mtu. Mzee asiyeona alipofika, karani alimwuliza jina, umri na anakotoka, kisha akaandika. Fomu ya mtandaoni haina karani, na yale aliyoyafanya karani kwa sauti na uvumilivu sasa lazima yafanywe na maandishi ya fomu yenyewe.

Makala haya yanaeleza kipimo kimoja kinachoweza kuonyesha mapema kama fomu inaiweza kazi hiyo. Nacho ni kuifungua katika kivinjari cha maandishi matupu na kujaribu kuijaza mpaka mwisho. Fomu fupi hupimwa kwa dakika chache, bila kulipia programu yoyote, na kwa maoni yangu kila fomu inayomhusu mgonjwa ingepaswa kukipita kabla ya kuwekwa hadharani.

Kivinjari kisicho na picha

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Vile tulivyovizoea, kama Chrome na Firefox, huupamba ukurasa kwa rangi, picha na vitu vinavyocheza. Kivinjari cha maandishi huyaacha yote hayo na kuonyesha maneno tu, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Kinachojulikana zaidi ni Lynx, kilichoanza kutengenezwa katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani mwaka 1992, wakati ambapo wanachuo wengi walisoma habari kwenye mashine zilizoonyesha herufi peke yake. Kimedumu, bado kinatunzwa, na hupatikana bure. Vipo vingine pia, kama w3m na Links. Mtumiaji hahitaji kipanya. Mishale ya kibodi na kitufe cha Tab humtoa kisanduku kimoja hadi kingine, na kitufe cha Enter humaliza kazi.

Ndani ya Lynx, fomu hufanana na ile ya karatasi iliyopigwa chapa kwa taipureta. Mahali pa kuandika ni mstari wa vistari. Swali la kuchagua jibu moja huonekana kama mabano ya duara, na jibu lililochaguliwa huwekewa nyota ndani ya mabano yake. Swali la kuchagua majibu mengi huwa na mabano ya mraba. Kitufe cha kutuma ni neno tu kama maneno mengine.

Je, wagonjwa wetu hutumia Lynx? Ni wachache mno, kama wapo. Thamani yake kwetu iko kwingine. Programu ya kusoma skrini, iwe NVDA iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, au TalkBack iliyomo katika simu za Android, haiangalii sura ya ukurasa. Husoma msimbo ulio chini ya sura hiyo, kwa mfuatano ulivyoandikwa, kitu kimoja baada ya kingine. Mashine ya nukta nundu hali kadhalika: huinua nukta za mstari mmoja chini ya vidole vya msomaji, na mstari huo ndio ulimwengu wake wote kwa wakati huo. Anayeifungua fomu katika Lynx anauona kwa macho mfuatano unaokaribiana sana na ule ambao asiyeona anausikia au kuugusa.

Nisieleweke vibaya. Vipimo hivi havifanani kabisa. Programu za kusoma skrini hufanya kazi ndani ya vivinjari vya kawaida, vinavyotekeleza lugha ya JavaScript inayofanya kurasa ziitikie miguso, ilhali Lynx haiitekelezi. Fomu inaweza kukwama katika Lynx na bado ikasomeka vizuri kwa NVDA, na kinyume chake. Ningeufananisha ukaguzi huu na kusomesha herufi za ubaoni katika kliniki ya macho. Hautoi utambuzi kamili wa tatizo, lakini anayeshindwa hapo hatumrudishi nyumbani bila kumchunguza zaidi.

Ipo sababu nyingine ya kuipenda Lynx, nayo haihusu macho hata kidogo. JavaScript inaweza kukosekana hata pale inapotegemewa. Mtandao ukiwa dhaifu, ukurasa hufika bila faili za JavaScript zilizopaswa kuufuata, na kitufe chenye sura nzuri hubaki kama mlango uliochorwa ukutani. Wapo pia wanaotumia Opera Mini katika hali yake ya kubana data ili bando lisiishe, na hali hiyo huikatiza sehemu kubwa ya JavaScript. Muuguzi wa zahanati anayetaka kumpa mgonjwa rufaa kupitia fomu ya hospitali ya mkoa, akiwa na alama moja ya mtandao kwenye simu yake, yumo katika kundi hilihili pamoja na mgonjwa asiyeona. Fomu iliyojengwa kwa HTML ya kawaida, ikatumwa kwenye seva kwa kitufe cha kawaida, inawahudumia wote wawili. JavaScript na iongezwe juu yake kwa ajili ya wenye uwezo, ila fomu isianguke inapoondolewa.

Yanayogundulika

Kasoro ya kwanza huonekana mara tu ukurasa unapofunguka: mistari ya vistari isiyo na maneno. Sanduku la kwanza ni la jina au la namba ya simu? Haijulikani. Mara nyingi chanzo ni mtindo wa kuweka neno la kuelekeza ndani ya kisanduku kwa rangi ya kijivu hafifu, neno ambalo hutoweka mtu anapoanza kuandika. Mtindo huo unaokoa nafasi kidogo na unamsumbua hata mwenye macho mazima aliyekatizwa na simu katikati ya kujaza. Dawa yake ni lebo halisi, iliyoandikwa kwa alama ya HTML iitwayo label na kufungwa kwa kisanduku chake kwa kitambulisho kimoja. Lebo ikifungwa hivyo, programu ya kusoma skrini husema “Namba ya simu, andika” mara tu mtu anapofika, na mwenye mkono unaotetemeka anaweza kugusa neno lenyewe badala ya kulenga kisanduku kidogo.

Kufunga huko ni muhimu zaidi katika maswali ya ndiyo na hapana. Fomu ya historia ya ugonjwa ina maswali hayo kwa wingi: kisukari, shinikizo la damu, pumu, mzio wa dawa. Mwenye kuona huliona swali kushoto na majibu kulia. Asiyeona husikia “ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, ndiyo, hapana”, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. HTML ina alama ya kuyakusanya majibu chini ya swali lao, iitwayo fieldset, na ya kuliandika swali lenyewe, iitwayo legend. Zimekuwapo tangu miaka ya 1990. Kwa daktari wa macho jambo hili si la urembo, kwa sababu matone ya timololi, tunayoyatumia sana kushusha presha ya macho, yanaweza kumbana kifua mwenye pumu. Jibu la pumu likihamia kwenye mstari wa kisukari, tumekosa onyo tulilolihitaji.

Kisha kuna vitu ambavyo katika Lynx havipo kabisa. Kitufe cha kutuma hakionekani kwa sababu mtengenezaji hakutumia kitufe, bali alichora umbo la mstatili na kuliambia JavaScript lisikilize mguso. Kalenda haionekani, kama ilivyokuwa kwa wenye kusikiliza skrini katika mfano wa Marekani, kwa sababu imechorwa kwa njia hiyohiyo. Orodha ya idara iko tupu, kwa kuwa ilisubiri mtu achague kituo kwanza. Kwa tarehe nakubaliana na wale wanaotengeneza fomu za serikali ya Uingereza, ambao kwa tarehe zinazokumbukwa, kama ya kuzaliwa, hutumia visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Hakuna anayehitaji kalenda ya kubofya ili aseme alizaliwa mwaka 1957. Kwa siku za miadi, orodha ya kawaida ya nafasi zilizo wazi, “Jumanne tarehe 14, saa 3 asubuhi”, humfaa kila mtu.

Kipo kisa cha kisanduku cha mtego, ambacho hata mafundi wazuri hukisahau. Ili kuzuia programu zinazojaza fomu ovyo, fundi huweka kisanduku cha ziada na kukificha kwa kanuni za mwonekano wa ukurasa. Binadamu hatakiona, programu haribifu itakijaza, na seva itaitupa fomu hiyo. Lakini Lynx haifuati kanuni za mwonekano, hivyo kisanduku kilichofichwa hujitokeza pamoja na vingine. Mgonjwa mwaminifu anakijaza, anaona “Asante”, na fomu yake inatupwa kimyakimya. Tiba ni maneno machache: kisanduku hicho nacho kipewe lebo inayosema “Acha wazi kisanduku hiki”. Hata hivyo mtego huo ni bora kuliko zile picha za herufi zilizopinda ambazo mtu huambiwa azisome ili kuthibitisha kuwa si roboti. Kumwekea mtihani wa kuona mtu anayeomba miadi ya kliniki ya macho ni kichekesho kisichochekesha. Mbadala wa sauti humsaidia asiyeona, lakini humwacha nje asiyeona na asiyesikia.

Na lugha. Ukurasa wa HTML hutangaza mwanzoni umeandikwa kwa lugha gani, na programu ya kusoma skrini huchagua sauti kwa kufuata tangazo hilo. Sauti ya Kiswahili imo katika eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA. Lakini fomu nyingi za Kiswahili hujengwa juu ya kiolezo cha Kiingereza, na tangazo hubaki lilelile. Matokeo yake “jina la ukoo” husomwa kwa matamshi ya Kiingereza hata mwenye jina asilitambue. Kosa hili halionekani katika Lynx wala kwa macho. Husikika tu.

Macho yanayoona kwa sehemu

Tukisema “asiyeona” wengi huwaza giza totoro. Katika kliniki, wenye giza totoro ni wachache kuliko wenye kuona kwa sehemu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungeweza kuzuiwa au bado haujapatiwa huduma. Ugonjwa hulipunguza jicho kwa namna yake, na fomu humshinda kila mmoja kwa namna hiyo.

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula pembezoni mwa uoni kwanza. Mgonjwa anaweza kusoma herufi ndogo za ubaoni na wakati huohuo akagonga mlango uliofunguliwa nusu. Mbele ya skrini huona tundu dogo tu la katikati. Ujumbe wa “Kuna kosa” ukitokea kwenye kona ya juu upande wa kulia, yeye hauoni. Anabonyeza kitufe cha kutuma mara tatu, mara nne, kisha anaamini kuwa ametuma. Kisukari kinapoiharibu retina, kuona hubadilika siku kwa siku, na maandishi ya kijivu juu ya meupe hupotea kwanza. Aliyeharibika sehemu ya katikati ya retina hukuza maandishi. Akiyakuza mara nne kwa upana na mara nne kwa urefu, kilichobaki mbele yake ni sehemu moja ya kumi na sita ya ukurasa. Fomu iliyopangwa safu mbili humpoteza. Iliyopangwa safu moja, lebo juu na kisanduku chini yake, anaifuata. Ndivyo Lynx inavyoipanga pia.

Rangi nayo ina kisa chake. Fomu nyingi huonyesha kosa kwa kukizungushia kisanduku mstari mwekundu, basi. Wapo wanaume waliozaliwa wasitofautishe vizuri nyekundu na kijani. Na wapo waliopata shida hiyo kwa dawa. Ethambutoli, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili ya mapema huwa ni rangi kufifia, hasa nyekundu na kijani. Hatari huongezeka kwa dozi kubwa, matumizi ya muda mrefu na figo dhaifu. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Akiona rangi zinabadilika au maandishi yanafifia, arudi kliniki upesi, kwa sababu dawa hiyo ikisimamishwa mapema na daktari, wengi hupata nafuu.

Anayejaza kwa mkono wa mwingine

Huu ndio moyo wa jambo lenyewe. Watengenezaji wa tovuti nikiwaeleza habari za wasioona hunijibu kwa wema kabisa: “Lakini daktari, nyumbani hakosekani mtu wa kumsaidia.” Ni kweli. Kwetu mjukuu yupo, jirani yupo, kijana wa duka la simu yupo. Tatizo ni kwamba msaidizi huyo anasikia kila jibu.

Mzee mmoja aliyepoteza uoni kwa glakoma aliwahi kuniambia, bila kuona ajabu yoyote: “Daktari, mimi humwambia mjukuu aandike hapana kila mahali. Mambo mengine siwezi kuyatamka mbele ya mtoto.” Fomu yake ilikuwa safi, imejazwa yote, na haikuwa na faida. Dawa alizokuwa akitumia tuliziandika upya tukiwa wawili chumbani, mlango umefungwa.

Fikiria sasa mgonjwa ambaye uoni wake unafifia na anatumia dawa za kifua kikuu, lakini hataki kijana wa duka la simu ajue. Swali la dawa litajibiwa “hapana”. Daktari atakayeitegemea fomu hiyo ataanza kutafuta chanzo kingine, atapima presha ya macho, ataagiza picha, na siku zinapita dawa ikiendelea kunywewa. Hivyo ndivyo kisanduku kisicho na lebo kinavyoweza kuingia katika historia ya jicho. Virusi vya UKIMWI, ujauzito, dawa za nguvu za kiume, ugonjwa wa akili: haya yote ni maswali halali ya tabibu, na yote hufichwa mbele ya mtu wa tatu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja ufikivu wa habari na teknolojia ya mawasiliano, na ya 25 inahusu afya. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hizo husomwa kila moja peke yake, na watu tofauti. Mgonjwa asiyeona hukutana nazo kwa pamoja, kwa kuwa fomu asiyoweza kuijaza mwenyewe ndiyo inayoivujisha siri yake.

Hapohapo nitaje jambo la kiufundi ambalo Lynx huliweka wazi. Fomu inaweza kutuma majibu kwa njia mbili. Njia iitwayo GET huyabandika majibu kwenye anwani ya ukurasa, yakabaki katika kumbukumbu za kivinjari na za seva. Njia iitwayo POST huyabeba ndani ya ujumbe wenyewe. Ukituma fomu ya majaribio, kisha ukaona maneno ya ugonjwa uliouandika yamejipanga kwenye anwani, fundi aitwe siku hiyohiyo. Kwenye simu ya pamoja ya familia, anayeishika baadaye ataukuta ukurasa huo.

Pale fomu inapokataa

Kukataa kwa fomu ndiko kunakotofautisha fomu nzuri na mbaya kuliko mwonekano wake. Jaribu kuikosea makusudi ndani ya Lynx: acha jina wazi, andika mwezi wa 13, kisha tuma. Ukaguzi wa makosa uliowekwa katika JavaScript peke yake hautafanya kazi hapo, kwa hiyo seva lazima nayo ikague. Fomu njema hurudi ikiwa na majibu yote ya awali mahali pake, na juu kabisa ya ukurasa kuna maneno yanayotaja kosa na namna ya kulirekebisha: “Mwezi uwe kati ya 1 na 12.” Fomu mbaya hurudi tupu. Kwa mwenye macho ni karaha ya dakika tatu. Kwa anayesikiliza kisanduku kimoja kimoja ni nusu saa nyingine, na wengi huishia hapo.

Namba ya kitambulisho cha taifa hapa Tanzania ina tarakimu 20, na kwa kawaida huandikwa ikiwa na vistari kati ya mafungu yake. Zipo fomu zinazoikataa kwa sababu ya vistari hivyo, na zipo zinazoikataa kwa kuvikosa. Kompyuta inaweza kuviondoa yenyewe bila taabu. Vivyo hivyo namba ya simu, ianze kwa 07 au kwa +255, ni namba ileile. Kumlazimisha mgonjwa afuate umbo moja bila kumwambia ni umbo gani ni kuhamishia kwake kazi ya mashine.

Muda pia. Kurasa nyingi hujifunga baada ya dakika chache za ukimya, kwa sababu za usalama. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unatoa njia kadhaa za kulishughulikia hilo. Mojawapo ni kumwonya mtu kabla muda haujaisha na kumpa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi. Toleo hilo pia linataka mtu asilazimishwe kuandika tena katika hatua ya pili kile alichokwisha kukiandika katika ya kwanza, isipokuwa pale inapobidi. Mwenye mikono iliyokakamaa kwa baridi yabisi atashukuru.

Kazi ya kupima

Nani afanye kipimo hiki? Idara ya TEHAMA, ndiyo, lakini isiwe peke yake. Fundi anaijua fomu yake kiasi cha kutoiona tena. Karani wa kumbukumbu au muuguzi wa mapokezi hufaa zaidi, kwa kuwa anajua mgonjwa huuliza nini. Fundi amwekee Lynx kwenye kompyuta, amwonyeshe jinsi ya kuandika anwani, na amwelekeze akubali vidakuzi, maana Lynx humwuliza mtumiaji. Kisha amwache. Popote anapouliza “hapa niandike nini?” pana lebo inayokosekana. Mwisho iangaliwe kama fomu ya majaribio imefika kweli kwenye orodha ya miadi. Neno “Asante” kwenye skrini si ushahidi. Baada ya hapo fomu ijaribiwe kwa TalkBack kwenye simu ya kawaida, na mgonjwa asiyeona aombwe aijaze na alipwe kwa muda wake kama mshauri mwingine yeyote. Yeye ataona tusiyoyaona.

Kwa mgonjwa msomaji wa makala haya, au anayesomewa: fomu ikikushinda, piga simu hospitali na utaje mahali hasa ulipokwama, kifaa unachotumia, na kama unatumia programu ya kusoma skrini au ya kukuza maandishi. “Nilifika kwenye tarehe, simu ikasema kitufe, kitufe, kitufe” ni maelezo yanayomtosha fundi. Na kama kuna swali usilotaka msaidizi wako alisikie, ni afadhali liachwe wazi kuliko kujibiwa uongo. Mwambie daktari ukiwa naye peke yenu kwamba uliliacha kwa makusudi.

Hospitali nayo iandike mstari huu juu ya fomu ya miadi ya macho, kabla ya kisanduku cha kwanza, ambapo hata Lynx itausoma mapema: mtu aliyepoteza uoni ghafla, mwenye maumivu makali ya jicho pamoja na kuona ukungu, aliyemwagikiwa na kemikali jichoni, au anayeona pazia jeusi likishuka, asijaze fomu hii. Kemikali ioshwe hapohapo kwa maji safi mengi, na aje hospitali leo.